Mtaji Unaoishia Chunguni: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti ya Kilifi

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kwa mawaziri wa kaunti wanaosimamia kilimo, maji na biashara,
Kwa Waheshimiwa wawakilishi wa wadi za Malindi na Magarini.

Salaam nyingi.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya mwezi wa Mei. Kusi limeingia, masika yamekolea, watalii wamekwenda zao na hoteli nyingi za Malindi zimefunga milango au zimebakiza walinzi tu. Vibarua vya mjini vimekauka. Shambani mahindi bado ni machanga, na yale ya mwaka jana, kwa aliyevuna, yamekwisha. Huo ndio mwezi ambao biashara ndogo za akina mama wa Ganda, Kakuyuni, Jilore na Gongoni hufungwa moja baada ya nyingine, hata zile zenye wateja wake wa kila siku. Ukiuliza kulikoni, jibu huwa moja: mtaji umeliwa.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku wadi ya Ganda, na kitabu cha mikopo hukaa kwangu. Kwa hivyo nayaona mambo ambayo pengine hayafiki mezani kwenu. Namwona aliyekopa Januari kwa furaha, ikifika Juni ananikwepa njiani. Namwona na mwenzake aliyekopa kiasi kile kile, kwa biashara ile ile, naye analipa kidogo kidogo hadi deni likaisha. Nimetafuta sana kilichowatenganisha. Mara nyingi bidii yao ni sawa, elimu yao ni sawa, na waume zao wote wawili wanahangaika na vibarua vile vile. Tofauti ninayoikuta tena na tena ni kwamba mmoja ana kitu cha kuchuma nyuma ya nyumba yake na mwingine hana.

Naomba mnivumilie nieleze hili kwa kirefu, maana hoja yangu yote imesimama hapo.

Chukueni mama anayekaanga viazi karai na mahamri jioni kando ya barabara. Tuseme mtaji wake ni shilingi 3,000, umo ndani ya unga, viazi, mafuta, sukari na makaa. Akirudi usiku, mtaji na faida vimo katika kibindo kimoja, noti hazina alama. Nyumbani sima inataka kitoweo. Akinunua fungu la sukuma, tungule mbili tatu, kitunguu na nazi, amekwisha kutoa zaidi ya shilingi mia moja kabla hajagusa unga wala mafuta ya taa. Siku biashara imechangamka, faida inaubeba mzigo huo. Siku mvua imemfukuza barabarani mapema, hela hiyo hutoka kwenye unga wa kesho. Kesho atakanda kilo mbili badala ya tatu. Akikanda kidogo atauza kidogo, na chungu cha nyumbani hakikupungua. Hapa hakuna mwizi, hakuna anasa, hakuna uzembe. Kuna watoto waliokula. Baada ya wiki chache karai liko chini ya kitanda na mama yuko njiani kutafuta kibarua cha kupalilia shamba la mtu.

Sasa mpeni mama huyo huyo mchicha, kunde na matembele hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Bado atanunua unga. Bado atanunua mafuta na sabuni. Lakini sehemu kubwa ya ile mia na kitu ya kila siku imebaki kibindoni, na kwa mwezi mmoja inakaribia kulingana na mtaji wake wote. Huhitaji kuuza hata fungu moja la mboga ili bustani ile iwe na faida ya biashara. Faida yake ya kwanza ni hela ambayo haikutoka.

Nasisitiza hili kwa sababu kila mradi wa bustani unaoletwa huku hutuuliza swali moja tu: mtauza kiasi gani? Fomu ina nafasi ya kilo na nafasi ya shilingi zilizopatikana. Haina nafasi ya shilingi ambazo hazikutumika. Kwa hivyo bustani iliyolisha nyumba ya watu saba kwa miezi mitatu bila kuuza kitu huandikwa kuwa imeshindwa, na mradi hufungwa.

Vivyo hivyo katika kuhesabu umaskini. Vikaoni tunawahesabu waliokwisha kuanguka. Walio ukingoni hatuwahesabu. Mama niliyemtaja hakuwa maskini mwezi wa Desemba: alikuwa na biashara, watoto walikuwa na sare, alichangia harambee ya msiba. Kufika Juni ni maskini kabisa. Pengine Novemba atasimama tena, akipata wa kumkopesha. Watu wa namna hii ndio wengi katika vijiji vyetu, na msaada huwafikia wakiwa tayari wako chini, wakati ambapo kumwinua mtu ni ghali kuliko ingegharimu kumzuia asianguke.

Mtasema mikopo ipo. Ni kweli, na haijambo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipoanza Novemba 2022, mtu aliweza kupata kuanzia shilingi 500 kwenye simu, na siku 14 za kulipa. Akina mama wengi walichukua. Lakini mkopo wa siku 14 unamfaa aliye na biashara inayozunguka haraka na chungu chake kina kitu. Asiye na kitoweo ataupitishia mkopo ule jikoni siku ya kwanza, na siku ya kumi na nne atatafuta mkopo mwingine wa kulipa ule. Kuongeza mtaji bila kuuzibia tundu unakovujia ni kujaza maji pakacha.

Kuna jambo zito zaidi ya mtaji. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa kaunti yetu walio chini ya miaka 5, watoto 37 wamedumaa. Kitaifa ni 18. Hakuna kaunti nyingine katika Kenya yote iliyotuzidi. Na sisi ndio kaunti yenye bahari, yenye mnazi, yenye embe zinazooza chini ya miti kuanzia Desemba hadi Februari kwa kukosa mnunuzi. Kudumaa kuna sababu nyingi, zikiwemo maji machafu na maradhi ya kuhara, na sitadai kwamba mchicha utazimaliza zote. Lakini mtoto anayekula sima na chai ya rangi, au sima na maji ya chumvi, hawezi kukua kama anayekula sima kwa kunde na samaki. Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kilimo kimewekwa mikononi mwa kaunti na Katiba hiyo hiyo. Basi watoto hao 37 ni wenu kabla hawajawa wa Nairobi.

Nirudi kwenye uwa, yaani pale nyuma ya nyumba penye mboga.

Ukitembea vijiji vya Ganda hadi Kakuyuni wakati wa masika utaona kwamba ardhi yetu hainyimi mboga. Mtsunga, ile mboga chungu ya kienyeji, unajiotea wenyewe kando ya shamba. Mnavu unajiotea. Mchicha ukiumwaga leo, wiki tatu au nne unachuma. Kunde ni hazina: unakula majani, kisha unakula mbichi zikiwa kwenye maganda, kisha unakausha na kuweka, na mizizi yake inaacha rutuba ardhini. Matembele ukichomeka kipande cha mti wake yanatambaa, na chini kuna viazi vitamu. Kisamvu kipo kila penye muhogo, kinataka kutwangwa na kuchemshwa vizuri tu ili ile sumu ya muhogo iondoke. Mabenda, yaani bamia, yakianza kuzaa hayaachi, ukichuma leo na kesho yapo. Mpapai mmoja karibu na bomba la kuogea, mndimu mmoja, mlonge mmoja kwenye ua, pilipili kando ya ngazi. Mtsunga na mchicha vikichanganywa ili uchungu upungue, vikatiwa tui zito la nazi, ni kitoweo ambacho mtu wa mjini hulipia hotelini.

Akina mama wetu hawakufundishwa hayo na semina. Waliyarithi. Ndiyo maana inauma kuona mradi mmoja uliopita huku ukigawa mbegu za sukuma wiki peke yake, pamoja na magunia, mwishoni mwa Juni masika yakimalizika. Sukuma inapenda baridi. Kwenye joto letu na mchanga wetu inashambuliwa na vidukari na viwavi, na inataka maji na dawa ambazo mama hana. Mbegu zile zilikufa, na akina mama wakaandikwa kuwa hawana bidii. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo pale Mtwapa, katika kaunti hii hii, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Wataalamu wanaojua mboga za pwani hawako mbali nasi. Watumeni waje wakae na bibi zetu, wachague mbegu nzuri za mchicha wa kienyeji, mnavu, kunde na mtsunga, wazizidishe na kuzirudisha vijijini.

Na hapa pana jambo ambalo sijasikia likisemwa katika mkutano wowote, nalo ndilo lililonifanya niandike. Uwa na biashara vinapokezana kwa majira. Kuanzia Desemba hadi Machi jua ni kali na uwa umekauka, lakini mjini kuna wageni, kuna vibarua, hela inazunguka, na mama wa mahamri anauza. Kuanzia Aprili hadi Julai hela imekimbia, lakini mvua inanyesha bure na uwa unaweza kujaa mboga bila hata mtungi mmoja wa kumwagilia. Mwezi wa njaa ya mfukoni ndio mwezi wa neema ya uwani. Mahindi yanataka miezi minne. Mchicha hautaki hata mmoja. Kwa hivyo mama aliyetayarisha vitanda Machi na kumwaga mbegu na mvua za kwanza, Mei hashiki mtaji wake. Anakula uwani.

Kisha ikifika kiangazi mambo yanageuka. Mwenye maji wakati huo hahitaji kula mboga zake zote. Ataziuza, maana mboga ya kiangazi ina bei. Nyingi ya tungule, vitunguu na sukuma zinazouzwa soko la Malindi hutoka mbali, zinashuka soko la Kongowea kule Mombasa, kisha zinapandishwa magari tena kilomita kama 120 kuja huku. Kila mkono uliozishika umeongeza chake. Fungu la mtsunga lililochumwa Ganda alfajiri halina nauli ya namna hiyo. Masika uwa unalinda mtaji, kiangazi uwa unazaa mtaji. Mipango inayotaka tuuze masika, wakati kila mtu ana mchicha na fungu halina bei, imepindua majira yetu.

Tuliliona hili wazi mwaka wa 2020. Aprili ile serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa kwa ajili ya korona, hoteli zilikuwa zimeshafungwa na waliotegemea mishahara ya watalii walirudi vijijini mikono mitupu. Masika yalikuwa ndiyo yanaanza. Nyumba zilizokuwa na vitanda vya mboga zilikula na kuwapa majirani. Baadaye mwaka huo Wizara ya Kilimo ikatangaza mpango wa bustani milioni moja za jikoni nchi nzima. Wazo lilikuwa zuri. Huku kwetu, lilipopita korona nalo likapita.

Simsifu mchicha kupita kiasi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo katika sehemu kubwa ya Upembe wa Afrika, na ng'ombe wa Ganze na Magarini walikufa wakionekana. Hakuna kitanda cha mboga kilichohimili ukame ule bila maji ya kumwagilia. Mwisho wa 2023 ikaja El Niño, Sabaki ikafurika na kuosha mashamba ya kando ya mto. Uwa hauleti sima, na hauwezi kusimama mahali pa chakula cha msaada mambo yakiharibika kabisa. Ninachosema ni kwamba kwa miaka ya kawaida, ambayo ndiyo mingi, ni kinga ya bei nafuu kuliko zote nilizoziona, na inakwama kwa mambo ambayo ninyi mna uwezo nayo.

La kwanza ni maji. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki, vinanywesha Malindi, Kilifi na Mombasa. Bomba linapita katika ardhi ya watu wanaobeba mitungi kichwani. Huko Gongoni na Marereni visima vingi vina maji ya chumvi, na mchicha wenyewe unastahimili kidogo lakini binadamu hastahimili. Najua bomba la kila nyumba ni kazi ya miaka mingi. Basi tuanze na mvua. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Bati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 20 ya usiku mmoja, ni lita 600, mitungi 30. Masika ya kawaida ya ukanda wa pwani yanatosha kulijaza tanki la lita 5,000 kutoka bati hilo na kubaki. Na kitanda cha mboga cha mita 10 za mraba kwenye jua letu kinataka lita kama 40 hadi 50 kwa siku. Pigeni hesabu: tanki moja lililojaa ni siku 100 za kitanda kimoja. Ukiongeza maji ya kusuuzia vyombo na nafaka, na matandazo ya makuti makavu juu ya udongo yasiyoruhusu jua kunyonya, unafika mbali zaidi.

Tatizo ni kwamba nyumba za walio maskini zaidi zimeezekwa kwa makuti. Makuti yanaleta ubaridi mzuri ndani, lakini maji yake ni machafu na hayakingiki vizuri. Kwa hivyo kila mpango wa matanki unaosema "mwenye bati apewe tanki" unawapita wale waliokusudiwa. Tunaomba banda dogo la bati kwa nyumba tano au sita zilizo karibu, lenye mfereji na tanki lake, likae kwa mama mmoja na litumiwe na wote. Vyama vyetu vinaweza kulisimamia. Tumesimamia fedha za watu, tutashindwa na maji?

La pili ni ardhi. Hili ni refu na chungu, na mnalijua. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyowatambua baadhi ya watu na kuwaacha Wamijikenda wengi nje, maelfu ya familia za Malindi na Magarini zinaishi juu ya ardhi ambayo karatasi yake iko kwa mtu mwingine, wakati mwingine mtu asiyejulikana aliko. Katika mashamba mengi ya namna hiyo mpangaji anaruhusiwa kupanda mahindi na kunde, lakini akipanda mnazi, mwembe au mndimu anaambiwa ang'oe, kwa sababu mti wa kudumu ni dalili ya kudai ardhi. Matokeo yake mama anaweza kuishi mahali miaka thelathini bila mpapai. Sitarajii barua hii itatue lililoshindikana zaidi ya karne. Naomba jambo dogo: kaunti, pamoja na machifu na wazee, isaidie kuandikiana mapatano kati ya wenye hati na wakaaji, kwamba miti ya matunda ya uwani kwa idadi fulani si dai la ardhi na haitang'olewa. Karatasi moja yenye sahihi mbili ingeruhusu maelfu ya mipapai.

La tatu ni mbuzi, na hapa nitapita haraka. Mbuzi wa jirani akiingia usiku mmoja kazi ya miezi miwili imekwisha. Seng'enge hatuwezi. Ua wa makuti hauhimili misimu miwili. Miche ya mibono na mingine ya kuotesha ua hai haigharimu kitu kikubwa kwenye vitalu vya kaunti, na kamati za vijiji zikiwa na kanuni moja ya fidia inayofuatwa na wote, ugomvi mwingi wa wanawake majirani ungeisha.

Sasa biashara. Kina mama karanga wa ufuoni wanaokaanga na kuuza samaki, wauza mahamri, wauza mabuyu na achari, wauza mboga za mafungu: hawa wanalipa ushuru wa siku kabla hawajauza. Katika mwezi wa Mei kuna siku mama anauza mafungu ambayo thamani yake haifiki mara tatu ya ushuru aliolipa. Anayetandaza gunia kando ya barabara kwa sababu hana kibanda hufukuzwa, na mali yake hubebwa na askari. Mboga iliyobebwa asubuhi haina maana kurudishwa jioni. Tunaomba sheria ya fedha ya kaunti itambue kiwango cha chini kabisa: anayeuza mazao ya uwa wake mwenyewe, yaliyobebwa kwa mkono au kichwani, asitozwe katika miezi ya Aprili hadi Julai. Mapato mtakayoyakosa ni madogo. Aliyelipia ushuru kutoka kwenye mtaji wake hatarudi sokoni Agosti kulipa tena.

Tena kuna mnunuzi mkubwa ambaye ni ninyi wenyewe. Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti. Penye chekechea panapopikwa, mboga ingeweza kununuliwa kwa akina mama wa kijiji kile kile kupitia vyama vyao. Tangu 2013 sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini makaratasi yake yanamtaka mtu awe na biashara iliyosajiliwa, cheti cha kodi na akaunti ya benki. Chama kilichosajiliwa kwa idara ya maendeleo ya jamii na kinachoaminiwa na kijiji kizima kinapaswa kutosha kuuza mchicha.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo na kaunti inahitaji miradi mikubwa. Mwaka wa 2014 ulizinduliwa Galana Kulalu, jirani yetu hapa, ndoto ya ekari milioni moja za umwagiliaji. Siupingi mradi mkubwa. Nchi inahitaji mahindi. Lakini miaka imepita, na mama wa Kakuyuni bado hajapata unga wa bei nafuu kwa sababu ya mashamba yale. Mbali huko Bangladesh, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Helen Keller International limefanya kazi na akina mama vijijini kulima mboga na matunda nyuma ya nyumba na kufuga kuku, na likafikia familia mamia ya maelfu. Bangladesh haikuwa tajiri kuliko sisi. Walichofanya ni kuendelea mwaka baada ya mwaka, wakiwa na vitalu vya mbegu vijijini na mwanamke wa pale pale aliyefunzwa kuwafundisha wenzake.

Hilo la mwanamke wa pale pale naliomba kwa nguvu zote. Afisa wa kilimo wa wadi ni mmoja, pikipiki yake haina mafuta nusu ya mwezi, na akija anakutana na wanaume barazani. Mama wa bustani yuko uwani saa hiyo. Wafunzeni akina mama wawili katika kila kijiji, wapeni posho ndogo inayofika kwa wakati kama mnavyowapa wahudumu wa afya wa jamii, nao watapita nyumba kwa nyumba. Wanajua ni uwa upi una kivuli cha mnazi, ni nani amejifungua, ni nani ameanza kukopa dukani kwa siri.

Mwisho ni kalenda, maana fedha zenu na mvua zetu hazionani. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na mbegu nyingi hununuliwa haraka haraka Mei na Juni ili bajeti isirudi. Sisi tunazihitaji mikononi kabla ya katikati ya Machi kwa masika, na kabla ya Oktoba kwa vuli. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Tunaomba katika mpango unaokuja bustani za uwani ziandikwe kwa jina lake, zitengewe fedha zake, na tarehe ya kufika mbegu iandikwe kando ya kiasi cha fedha.

Na mikutano ya kuchukua maoni ya wananchi msiifanye mjini saa nne asubuhi, wakati mama yuko sokoni au shambani na nauli ya kuja ni fungu zima la siku. Ileteni Ganda, Jilore, Garashi na Marafa, saa tisa alasiri, chini ya mwembe wowote. Saa hiyo tumeshapika, na tutakuja.

Wenu,
Mweka hazina wa chama cha akina mama,
Wadi ya Ganda, Malindi